Tulibadilisha nywila, mdukuzi akarudi. Nianzie wapi?

Fundi_Pekee aliandika:

Wakuu, habari za kazi. Naomba mnivumilie, maelezo ni marefu, lakini nikiyafupisha mtanijibu tatizo lingine.

Mimi ndiye mtu pekee wa kompyuta kwenye ofisi ya watu 38. Tuna laptopu 31 na kompyuta za mezani 6, na barua pepe na mafaili yetu yote yako mtandaoni. Naweka masasisho, natengeneza printa, nawafungulia akaunti waliosahau nywila. Mambo ya usalama nimejifunza njiani, kwa kusoma na kuuliza watu kama ninyi.

Wiki tatu zilizopita mteja wetu alimpigia simu dada wa uhasibu kumuuliza kama ni kweli tumehamia benki nyingine. Dada akashangaa. Mteja akamsomea barua pepe aliyoipata. Nilidhani imetoka kwenye anwani ya kufanana na ya kwetu, maana hila hiyo ya kubadilisha herufi moja tunaijua. Hapana, imetoka kwenye anwani yake mwenyewe. Ina saini yake, imeingia katikati ya mazungumzo yao ya kweli juu ya ankara ya kweli, na kiasi ni kilekile. Kilichobadilika ni namba ya akaunti ya benki tu. Tunamshukuru mteja kwa kupiga simu kabla ya kulipa.

Nikambadilishia nywila saa ileile, ndefu, ya herufi 18, haijawahi kutumika popote. Siku mbili baadaye barua nyingine ya namna hiyo ikatoka kwenye akaunti yake kwenda kwa mteja wa pili.

Linaloninyima usingizi ni hili: uthibitishaji wa hatua mbili umewashwa kwa kila mtu tangu mwaka jana. Dada hawezi kuingia bila kuandika tarakimu 6 za kwenye simu yake. Simu anayo, haijapotea, na hajamtajia mtu yeyote zile tarakimu. Nimemuuliza mara tatu, na mara ya tatu alilia. Siku hizi ofisini kuna minong'ono kwamba huenda ni yeye, au kijana fulani aliyeacha kazi miezi minne iliyopita. Nilipokwenda kuangalia akaunti ya huyo kijana nikaikuta bado iko wazi. Hilo ni la kwangu, nakubali, nimeshaifunga.

Sasa mkurugenzi ameniletea maagizo mawili. La kwanza, kila mtu alazimishwe kubadilisha nywila kila siku 30. La pili, niweke kwenye laptopu zote programu inayopiga picha ya skrini kila baada ya dakika tano na kurekodi kila herufi inayobonyezwa, ili tumkamate "adui wa ndani". Nimeomba wiki moja ya kutafakari.

Maswali yangu: huyu mtu anapitaje kwenye hatua mbili? Nianzie wapi na ofisi nzima? Na hiyo programu ya kurekodi, niiweke au nikatae, na nikikataa nitoe sababu gani?

Zamu_ya_Usiku alijibu:

Mleta mada, pole sana, na mpe pole dada. Ninafanya kazi ya kufuatilia matukio ya namna hii, na kisa chako nimekiona kwa sura nyingi. Kabla sijajibu lolote: laptopu ya dada iondoe kwenye mtandao sasa hivi. Usiifute kwanza, ndiyo shahidi wako.

Tuanze na hatua mbili. Dada akiandika nywila na zile tarakimu 6, huduma ya barua pepe haitaki kumsumbua tena kwa kila anachobofya. Kwa hiyo inampa kivinjari chake kidakuzi, yaani kipande kidogo cha maandishi kinachosema "huyu nimeshamkagua". Kuanzia hapo kivinjari kinaonyesha kidakuzi hicho tu, kwa siku kadhaa, wakati mwingine kwa wiki kadhaa. Mwenye nakala ya kidakuzi anapita moja kwa moja. Haombwi nywila wala tarakimu, kwa sababu ukaguzi ulishafanyika, ila aliyekaguliwa ni mtu mwingine. Mwizi wako hana haja na simu ya dada.

Kidakuzi huibwa kwa njia kuu mbili, na ni lazima ujue ni ipi kwa sababu tiba zake ni tofauti. Njia ya kwanza ni ukurasa wa hadaa unaosimama katikati. Dada anabofya kiungo, anaona ukurasa wa kuingia unaofanana kabisa na wa kweli, anaandika nywila na tarakimu. Ukurasa ule unavipeleka papo hapo kwenye huduma halisi, unapokea kidakuzi, na unabaki na nakala. Njia ya pili ni kitu kilicho ndani ya laptopu yenyewe: programu hasidi ya kukomba vidakuzi na nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari, au kiendelezi kibaya, yaani programu ndogo inayoongezwa kwenye kivinjari.

Fungua kumbukumbu za kuingia za akaunti yake, usome mstari kwa mstari siku zile mbili. Kama ni njia ya kwanza, utaona ameingia kwa nywila na tarakimu zake, lakini anwani ya IP, yaani namba inayoonyesha mtandao alioingilia, ni ngeni tangu mwanzo, kwa sababu aliyewasiliana na huduma ni ule ukurasa wa katikati. Kama ni njia ya pili, utaona kuingia kwa halali kutoka IP ya ofisi, kisha baada ya muda kikao kilekile (kipindi cha kuwa ameingia kwenye akaunti), chenye namba ileile, kinaendelea kutoka mahali pengine, na kwenye safu ya hatua ya pili imeandikwa kwamba sharti limetimizwa na tokeni, yaani ushahidi wa ukaguzi uliopita, kama kile kidakuzi. Maneno hayo maana yake hakuulizwa kitu.

Halafu fungua kanuni za kikasha chake, zile zinazopanga barua zenyewe. Nina hakika karibu kabisa kuna kanuni ambayo dada hakuitengeneza. Angalia pia kama barua zinapelekwa nje kwa siri, kama kuna simu ya pili iliyosajiliwa kwa uthibitishaji, na kama kuna programu ya nje iliyopewa ruhusa ya kusoma barua. Vitu hivyo vinabaki hata nywila ikibadilishwa mara kumi.

Ukishaona, fuata mpangilio huu kwa sababu wengi huuvuruga. Kwanza tafuta kompyuta nyingine iliyo safi. Kwenye hiyo, funga vikao vyote vya dada kwa kitufe cha msimamizi, ndipo ubadilishe nywila, ndipo ufute kanuni na vifaa vigeni. Nahisi mara ya kwanza nywila mpya iliandikwa kwenye laptopu ileile. Kama mwizi yuko ndani ya kivinjari, dada alipoingia upya kilizaliwa kidakuzi kipya, na mwizi akakichukua hichohicho.

Lete majibu, nipo.

Fundi_Pekee aliandika:

Nimerudi. Mikono inatetemeka kidogo ninavyoandika.

Kanuni ipo. Imepewa jina la nukta. Nukta moja tu, "." na ndiyo maana sikuiona mara ya kwanza: kwenye orodha inaonekana kama uchafu wa skrini. Inasema barua yoyote yenye neno "ankara", "malipo" au "benki" ihamishiwe kwenye folda ya milisho ya RSS na ihesabiwe imeshasomwa. Folda hiyo hakuna mtu anayeifungua. Ndani nimekuta barua 14, mbili zikiwa za wateja wanaouliza "mna uhakika na akaunti hii mpya?" Dada hakuziona hata moja.

Kumbukumbu zinasema hivi. Siku niliyombadilishia nywila, ameingia saa 2:12 asubuhi kutoka IP ya ofisi, nywila sawa, tarakimu sawa. Saa 2:51 kikao kilekile kiko kwenye IP ya nchi nyingine kabisa. Hatua ya pili: imetimizwa na tokeni. Kwa hiyo ni njia ya pili uliyoitaja.

Nikafungua kivinjari chake kwa utulivu. Ana wasifu mmoja tu, nao umeunganishwa na akaunti yake binafsi ya barua pepe, ile ya nyumbani. Barua za kazi anazifungulia humo humo. Kuna viendelezi sita. Kimoja ni cha kubadilisha mafaili kuwa PDF, na ruhusa yake imeandikwa "kusoma na kubadilisha data yako yote kwenye tovuti zote". Nikamuuliza alikiweka lini. Akaniapia kwamba hajawahi kuweka kitu kama hicho kazini, ila anakumbuka mwanawe alikihitaji kwa kazi ya shule, wakakiweka kwenye kompyuta ya nyumbani.

Nilikaa kimya kama dakika nzima. Kilisafiri chenyewe. Usawazishaji wa kivinjari ulikichukua nyumbani ukakileta mezani kwake ofisini, na hakuna mtu aliyebofya chochote kwenye laptopu ya kazi.

Zamu_ya_Usiku alijibu:

Umefanya kazi safi. Hifadhi picha za hiyo mistari miwili ya saa, pamoja na ile kanuni ya nukta. Hizo ndizo zitakazomsafisha dada mbele ya mkurugenzi. Hifadhi pia nakala ya folda ya hicho kiendelezi na namba yake ya utambulisho, kisha ukiripoti kwenye duka kilikotoka. Na waandikie leo wateja wote ambao barua zao zilikuwa kwenye kikasha kile, kwa anwani nyingine au kwa simu, uwaambie namba ya benki haijabadilika.

Sasa naweza kujibu swali lako la pili. Anzia kwenye kivinjari. Watu wengi huanza na antivirusi au na semina, lakini watu wenu wanafanyia kazi zote ndani ya kivinjari, na nina shaka kama kuna anayekisimamia.

Mchanganyiko wa wasifu binafsi na kazi umewaangusha hata wakubwa. Okta, kampuni ambayo biashara yake ni kulinda kuingia kwa watu kwenye akaunti, ilieleza Novemba 2023 jinsi ilivyovamiwa: mfanyakazi aliingia kwenye akaunti yake binafsi ya Google ndani ya Chrome kwenye laptopu ya kazi, na nywila ya akaunti ya huduma ikahifadhiwa huko. Mafaili ya wateja 134 yakaguswa. Na viendelezi hubadilika tabia baada ya kuaminiwa. Desemba 2024 msanidi wa Cyberhaven, kampuni ya usalama, alihadaiwa kwa barua pepe. Wavamizi wakapandisha toleo baya la kiendelezi cha kampuni hiyo siku ya Krismasi, likasambaa lenyewe kwa waliokuwa nacho, kwa sababu viendelezi hujisasisha bila kumuuliza mtu. Kwa hiyo kumwambia mfanyakazi "weka vizuri tu" hakumsaidii. Kizuri cha leo kinaweza kuwa kibaya kesho asubuhi.

Kwenye Chrome na Edge kuna sera (mipangilio ya lazima) unazoweza kuzisukuma kwenye laptopu zote kwa siku moja. ExtensionInstallBlocklist uiwekee alama ya nyota, maana yake hakuna kiendelezi kinachoruhusiwa. Kisha ExtensionInstallAllowlist uweke vichache ulivyovikagua. Kwa ofisi ya watu 38 sidhani kama vitazidi vitano. Kwenye Chrome, RestrictSigninToPattern inazuia wasifu wa kivinjari kuunganishwa na akaunti isiyo ya kazi. Ukimaliza, fungua chrome://policy kwenye kila mashine uone kama sera zimefika kweli. Usiamini tu kwamba zimefika, nimeshaona mashine iliyokaa mwaka mzima bila kupokea kitu. Nywila zihamie kwenye programu maalumu ya kutunzia nywila, nje ya kivinjari.

Kuhusu siku 30: mwambie mkurugenzi kwamba NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, tangu mwongozo wake wa 2017 inashauri watu wasilazimishwe kubadilisha nywila kwa ratiba, isipokuwa kuna dalili kwamba imevuja. Watu wakilazimishwa hubadilisha tarakimu ya mwisho tu, na kisa chako kimeonyesha nywila mpya kabisa ikidumu dakika 39.

Baada ya kivinjari nenda kwenye funguo za siri, zile za FIDO2 (kiwango cha kuingia bila kuandika nywila) zinazokaa ndani ya simu, ndani ya laptopu au kwenye kifaa cha USB. Ufunguo wa namna hiyo umefungwa na anwani ya tovuti halisi. Ukurasa wa hadaa hata ufanane vipi, anwani yake ni nyingine, na ufunguo haujibu. Cloudflare, kampuni ya huduma za mtandao, walipotumiwa ujumbe wa hadaa Julai 2022, wafanyakazi watatu waliandika nywila zao kwenye ukurasa wa uongo, na wavamizi hawakuingia kwa sababu kila mtu alikuwa na ufunguo wa kifaa. Lakini nikwambie ukweli: ufunguo huo usingemwokoa dada. Yeye aliingia mahali sahihi, kidakuzi kikaibwa baadaye. Ndiyo maana nimesema kivinjari kwanza.

Ukiweza, ongeza sharti kwamba akaunti za kazi zinafunguka tu kwenye vifaa mlivyovisajili, na fupisha maisha ya vikao vya uhasibu na vya kwako wewe msimamizi. Na wewe mwenyewe uwe na akaunti mbili: ya barua pepe na kazi za kila siku, na nyingine ya usimamizi ambayo hufungui nayo barua hata siku moja. Waondolee wote haki za msimamizi kwenye laptopu zao. Watalalamika wiki mbili, kisha watazoea.

Hesabu_za_Bi_Mkubwa alijibu:

Mdogo wangu Fundi, mimi si mtu wa kompyuta, ni mhasibu, miaka 22 sasa. Nimesoma mpaka mwisho kwa sababu ya huyo dada aliyelia.

Nenda kamwambie leo, usingoje kikao. Anayeshika fedha za watu akishukiwa, hapati usingizi. Kila anayepita karibu na meza yake anahisi anamtazama. Na ukimwambia, wasikie na wale walionong'ona, kwa sauti ileile waliyonong'ona nayo au zaidi.

Kwa upande wetu wa hesabu kuna ulinzi usiohitaji fundi. Kwetu barua pepe peke yake haiwezi kubadilisha namba ya benki ya mtu yeyote, hata barua hiyo ikitoka kwa mkurugenzi. Ikija barua ya namna hiyo, nafungua jalada la mkataba, nachukua namba ya simu iliyoandikwa siku tuliyosaini, napiga. Namba iliyo chini ya barua siipigi kamwe, maana aliyeandika barua ndiye aliyeandika na namba. Nikishazungumza na mtu ninayemjua sauti, naandika tarehe, saa na jina lake pembeni, kisha mwenzangu anaweka saini ya pili. Mmoja anaingiza mabadiliko, mwingine anayaidhinisha, na kwenye mfumo wetu mtu mmoja hawezi kufanya yote mawili hata akitaka.

Wateja wenu nao waambieni hivyo kwa maandishi: sisi hatutawahi kubadilisha benki kwa barua pepe. Weka sentensi hiyo chini ya kila ankara. Yule mteja aliyepiga simu aliwaokoa kwa hekima yake mwenyewe. Msimtegemee kila mteja awe kama yeye.

Na mpokeeni anayekuja kusema "nimebofya kitu kibaya". Ofisi niliyofanya kazi zamani walimkaripia kijana mmoja mbele ya watu kwa kubofya. Baada ya hapo hakuna aliyesema tena, na hatukujua mangapi yalipita.

Mlango_wa_Nyuma alijibu:

Mimi niongeze kwenye mambo mawili ambayo wakuu hawajayagusa sana, kijana aliyeondoka na ile programu ya kurekodi.

Kijana hakufanya kitu, nafurahi. Lakini mlango alioachiwa ni ule ambao wengine wamepita. Kuna mhandisi aliyejiuzulu Cisco, kampuni ya vifaa vya mtandao, Aprili 2018. Septemba mwaka huohuo akaingia kwenye mifumo yao ya wingu bila ruhusa na kufuta mashine pepe 456, yaani kompyuta zinazoendeshwa kwa programu. Akaunti zaidi ya 16,000 za Webex Teams, huduma yao ya mikutano na ujumbe, zikazimika, nyingine kwa wiki mbili. Alikiri mahakamani na akafungwa. Na si lazima anayeingia awe aliyeondoka. Mei 2021 bomba la mafuta la Colonial huko Marekani lilisimamishwa baada ya wavamizi kupitia akaunti ya VPN (njia ya kuingia mtandao wa kampuni ukiwa mbali) ambayo haikuwa inatumika tena, haikuwa na hatua ya pili, ila hakuna aliyekuwa ameifunga.

Kwa hiyo siku ya mtu kuondoka, wewe fundi upewe taarifa na idara ya utumishi kabla ya saa yake ya mwisho, usije kusikia kwenye keki ya kumuaga. Funga akaunti, funga na vikao vilivyo wazi, kwa sababu kuzima akaunti pekee hakukati kila kitu papo hapo kwenye kila huduma. Kisha badilisha nywila zote alizokuwa anashirikiana na wengine. Hapo ndipo penye kazi, na ndipo pengi pamesahauliwa: nywila ya ruta, ya printa, ya ukurasa wa mitandao ya kijamii, ya kamera. Kama hujui alikuwa anazijua zipi, hesabu alizijua zote.

Na angalia viungo. Ingia kwenye hifadhi yenu ya mafaili utafute yaliyoshirikiwa kwa "yeyote mwenye kiungo". Nilipofanya hivyo kwetu nilikuta jedwali la mishahara lililoshirikiwa hivyo miaka mitatu nyuma kwa ajili ya mtu mmoja, mara moja, saa za jioni. Hakukuwa na nia mbaya. Hatari nyingi za ndani ninazokutana nazo ni za namna hiyo: mtu mwema aliyekuwa na haraka, kwenye mfumo uliompa nafasi kubwa kuliko kazi yake ilivyotaka.

Ndiyo maana sipendi ile programu. Fikiria inachofanya. Inakusanya kila herufi, maana yake nywila zote za watu 38, pamoja na mazungumzo yao na benki, na daktari, na familia. Inazihifadhi mahali pamoja. Mvamizi aliyekuwa anahangaika kuiba vidakuzi kimoja kimoja sasa ana ghala moja la kuvunja, na ghala hilo mmelijenga wenyewe. Pili, isingemkamata mwizi wenu. Picha za skrini za dada zingeonyesha dada akifanya kazi yake vizuri, kwa sababu mwizi alikuwa kwenye kompyuta nyingine kabisa. Mwambie mkurugenzi sentensi hiyo kwanza, nadhani ndiyo itakayomgeuza.

Mpe badala yake. Anachotaka ni kujua jambo baya likitokea, na hilo ni haki yake. Washa kumbukumbu za mafaili: nani amefungua folda ya wateja, nani amepakua mafaili 500 kwa saa moja, nani ametengeneza kanuni mpya ya kikasha. Weka tahadhari zikufikie wewe na mtu mwingine mmoja, ili nawe uwe na wa kukutazama. Watangazie wafanyakazi waziwazi nini kinaandikwa na kwa nini. Unachunga data, na binadamu unawaachia faragha yao.

Fundi_Pekee aliandika:

Wakuu, nimechelewa kurudi, wiki imekuwa nzito.

Dada nilimwambia jioni ileile. Bi Mkubwa, nilifuata neno lako. Nilimkalisha mbele ya skrini yangu, nikamwonyesha mstari wa saa 2:12 na mstari wa saa 2:51, nikamweleza IP ni nini. Aliutazama ule wa pili muda mrefu, kisha akaniuliza kama saa 2:51 ndipo alipokuwa kwenye kikao cha bajeti na wenzake saba. Tukafungua kalenda. Ndiyo. Akaomba nimchapishie ukurasa ule, nikamchapishia nakala mbili. Moja ameibandika ukutani juu ya meza yake, hajaeleza chochote kwa mtu. Wanaopita wanaisoma.

Mkurugenzi nilimpa hoja ya Mlango_wa_Nyuma neno kwa neno, kwamba programu ingempiga picha dada akifanya kazi vizuri. Akanyamaza, akaniuliza zile kumbukumbu za mafaili zinachukua muda gani kuwasha. Nilimwambia mchana mmoja. Siku 30 nazo amezifuta baada ya kusikia habari ya dakika 39.

Sera za viendelezi zimefika kwenye mashine 34 kati ya 37. Kwenye tatu zilizobaki chrome://policy inaonyesha tupu, na ni kama alivyosema Zamu, ningeamini tu nisingejua. Kabla sijafunga, nilihesabu viendelezi vyote vya ofisi: 112. Nimeruhusu vinne. Watu tisa wamekuja kulalamika, na wawili kati yao walikuwa na kilekile cha PDF. Laptopu zao zimetengwa, vikao vyao nimevifunga kutoka kwenye mashine safi kwa mpangilio mlionipa, na kikasha kimoja kilikuwa na kanuni yenye jina la nukta mbili. Hakuna barua iliyokuwa imetoka bado. Laptopu zote tatu zilizokuwa na kiendelezi hicho, pamoja na ya dada, nimezifuta na kuziweka upya baada ya kuhifadhi ushahidi.

Utumishi wamekubali kuniletea jina la anayeondoka siku tatu kabla. Funguo za USB zimeagizwa, mbili kwa kila mtu wa uhasibu ili moja ikae kabatini, na mimi nitaanza na yangu.

Limebaki moja ambalo sijalipatia njia. Mapokezi wanatumia akaunti moja watu wanne, kwa zamu, nywila imeandikwa kwenye karatasi chini ya kibodi. Nimeitoa karatasi asubuhi, kufikia mchana imerudi, mwandiko mwingine. Siwalaumu, mteja amesimama mbele yao na hawana muda. Nafikiria kila mmoja awe na akaunti yake mwenyewe na kikasha cha mapokezi wakishiriki kwa ruhusa, ila kubadilishana kwenye mashine moja kusizidi sekunde chache, la sivyo karatasi itarudi. Aliyefanya hivyo kwa kadi ya kugusa au kwa ufunguo wa USB kwenye kompyuta ya zamu aniambie ilimchukua nini kuipanga. Naanza nao Jumatatu.